Ile valvu yenye tepu nyekundu

(Haya niliyasema mbele ya maofisa na wakufunzi wa kozi ya logistiki. Niliongea bila karatasi, sasa nimeombwa niyaandike, kwa hiyo yameandikwa kama yalivyotoka mdomoni, na pale niliporuka ruka mtanisamehe.)

Itifaki imezingatiwa, maafande wote kwa vyeo vyenu, wakufunzi, na nyie vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango ili mkichoka mtoroke, nawaona.

Mratibu ameniambia mada ni menejimenti ya maarifa jeshini. Nikamwambia sawa lakini hilo neno menejimenti likitajwa saa nane mchana baada ya kula watu wanalala, mimi ntaongelea valvu.

Nilikuwa fundi mitambo, miaka ishirini na kitu nimevaa magwanda, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nimekuwa chini ya jenereta. Kikosi kimoja, sikitaji, kilikuwa na jenereta ya akiba ya hospitali ya uwanjani, na hiyo jenereta ilikuwa na matangi mawili ya dizeli yaliyounganishwa na bomba, katikati ya bomba kuna valvu, na valvu ilikuwa imefungwa na kuzungushiwa tepu nyekundu, juu ya tepu mtu kaandika kwa maka peni USIGUSE. Basi. Hakuna tarehe, hakuna jina, hakuna sababu. Sisi wote tuliopita pale tuliiona na hatukuigusa, na ukimuuliza mtu kwa nini anakuambia we usiguse tu, niliikuta hivyo.

Akaja ofisa mpya, kijana msafi, msomi, anapenda kazi. Akachukua mchoro wa mtambo, akaona kwenye mchoro hiyo valvu inatakiwa kuwa wazi. Yuko sahihi kabisa. Akaamuru tepu itolewe, valvu ifunguliwe, na mtambo upakwe rangi. Siku tatu baadaye, usiku wa zoezi, umeme ukakatika, jenereta ikawaka kama dakika kumi hivi, ikakohoa, ikazima. Tukafungua filta, maji matupu. Tukahangaika mpaka karibu alfajiri na tochi mdomoni, hamna kitu, ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba ana namba ya sajini aliyestaafu miaka minne nyuma. Tukampigia. Alikuwa amelala. Hata hatukumaliza kueleza, akauliza, "Mmefungua ile ya tepu?" Tukanyamaza. Akasema tangi la pili lina ufa juu karibu na mfuniko, mvua ikinyesha linaingiza maji, niliomba libadilishwe mara tatu halikubadilishwa nikaamua kulifungia, fungeni, mwageni maji, tumieni tangi moja. Akakata simu akarudi kulala.

Nusu dakika. Sisi tulikuwa na mchoro, tuna kitabu cha mtambo, tuna leja yenye sahihi za makabidhiano za watu wanne waliopokezana, na jibu lilikuwa kwenye kichwa cha mzee mmoja aliyeko nyumbani kwake kitandani. Na angalieni vizuri, sio kwamba hakuandika. Aliandika! Aliandika amri, hakuandika sababu. Tepu ilitunza "usiguse" kwa miaka na ikapoteza "kwa nini", na siku alipokuja mtu mwenye akili anayeuliza kwa nini, hakukuwa na wa kumjibu, kwa hiyo akafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya.

Leo nataka niwaoneshe kwamba hii ya valvu sio ya kikosi chetu maskini tu, wamepigwa nayo watu wakubwa wenye hela kuliko sisi wote hapa.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa Marekani. Wana kichwa cha nyuklia kinaitwa W76, cha makombora ya nyambizi. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Fogbank, hiki kitu ni siri mpaka leo hawasemi wazi ni nini hasa. Kilitengenezwa kwenye kiwanda cha Y-12 kule Oak Ridge, Tennessee, kuanzia miaka ya 1970 mpaka 1989, halafu kazi ikaisha, kiwanda kikafungwa, watu wakaenda zao. Mwaka 2000 wakaamua kuongeza maisha ya vile vichwa, wakahitaji Fogbank nyingine, na kumbe hakuna anayejua kuitengeneza. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge lao ya mwaka 2009 ilisema wazi kwamba kumbukumbu za utengenezaji zilizotunzwa zilikuwa chache na karibu wafanyakazi wote wenye ujuzi walikuwa wameshastaafu au wameondoka. Wakatumia dola milioni 69 kurekebisha tatizo, na ratiba ikachelewa kwa mwaka mzima na zaidi.

Lakini hapo sio mwisho, hapo ndo inapoanza kuwa tamu. Wakajenga kiwanda kipya, wakafufua utaratibu wa zamani kwa shida, wakatengeneza, na bado ikawa haitoki sawa. Baadaye sana wakagundua kwamba ile malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani ndani yake, na huo uchafu ndo uliokuwa unafanya kazi itoke vizuri. Vifaa vya kisasa vya kusafishia vilikuwa vizuri mno, vikautoa. Na wazee wa zamani walikuwa hawajui! Waliutumia miaka yote bila kujua kwamba wanauhitaji. Kwa hiyo hata wangewaita wote, wawape chai, wakae nao wiki nzima, wasingeambiwa, maana huwezi kumwambia mtu kitu ambacho mwenyewe hujui kama unakijua.

Nawaachia hilo mlitafune, kwa sababu watu wa mifumo wakija kuwauzia kompyuta ya kutunzia maarifa watawaambia kila kitu kinaingia. Hakiingii. Kuna maarifa ya kwenye karatasi, kuna ya kichwani, na kuna ya mikononi ambayo mwenyewe hayaoni. Ya karatasi ndiyo rahisi na ndiyo tunayokesha nayo.

Jingine kuhusu Fogbank, usiri. Sisi wanajeshi tunapenda muhuri wa SIRI, ukitugusa tu tunagonga muhuri. Na siri ina kazi yake, sibishi, mimi mwenyewe nimekula kiapo. Lakini kila unapopunguza watu wanaojua jambo, unapunguza pia watu watakaolikumbuka, na hiyo hesabu ya pili hakuna anayeipiga wakati anagonga muhuri. Kitu kinachojulikana na watu sita, wanne wakistaafu na mmoja akifariki, umebaki na mtu mmoja mwenye presha.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuende baharini. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, akiwa kwenye meli ya HMS Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvuja damu, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa tiba tofauti. Wale waliopewa machungwa na malimau walipona haraka kuliko wote. Ilichukua muda, urasimu ni ule ule zama zote, lakini mwaka 1795 juisi ya limau ikawa posho ya mabaharia na kiseyeye kikakaribia kwisha kwenye zile meli.

Wakajua tiba. Hawakujua kwa nini inatibu, walidhani ni ule uchachu. Sasa ukidhani ni uchachu, basi limau na ndimu ni kitu kimoja, si vyote vichachu? Kwenye miaka ya 1860 wakahama kutoka malimau ya Mediterania wakaenda kwenye ndimu za makoloni yao ya Karibi. Na ile ndimu ilikuwa na nguvu ndogo sana ukilinganisha na limau, tena juisi yake ikipitishwa kwenye mabomba ya shaba na kukaa wazi inazidi kufa. Hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu wakati huo meli za mvuke zilishafika, safari zikawa fupi, watu wanafika bandarini wanakula vitu fresh kabla ugonjwa haujaanza. Makosa yakajificha nyuma ya injini. Mpaka 1875, msafara wa Waingereza chini ya Nares ukaenda Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini, safari ndefu, baridi, na kiseyeye kikawarudia kwa nguvu mpaka wakakatisha wakarudi 1876. Ni kweli timu zilizovuta sleji hazikubeba juisi ya kutosha, lakini hata ambayo ingebebwa ilikuwa ndimu. Vitamini C yenyewe ilikuja kujulikana miaka ya 1930 huko. Yaani jeshi lilijua, likasahau bila kujua limesahau, na wakati wote huo amri ya kunywa juisi ilikuwepo na ilifuatwa kila siku.

Ni tepu nyekundu tu hiyo.

Naona afande pale ananiangalia kama anasema sasa tufanyeje. Nakuja. Kwanza niseme lisilosaidia.

Mwaka 2003 Jeshi la Majini la Marekani liliamua kubana matumizi, likaacha kozi ya miezi ya darasani kwa maofisa wapya wa meli kule Newport, badala yake wakawapa CD. Unaenda melini na CD zako, unajisomea ukipata nafasi, na wakubwa wako watakufundisha kazini. Maofisa wenyewe wakaipa jina la utani, shule ndani ya boksi. Karatasi zote zilikuwemo humo, kila kanuni ya bahari. Sasa ofisa kijana yuko zamu, halali, anasimamia watu, hiyo nafasi ya CD anaipata saa ngapi? Na yule mkubwa wa kumfundisha, miaka ikienda, anakuwa ni mtu ambaye na yeye alipewa CD.

Mwaka 2017, Juni, manowari yao moja, USS Fitzgerald, iligongana na meli ya mizigo, wakafa mabaharia 7. Agosti mwaka huo huo USS John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta, wakafa 10. Sababu zilikuwa nyingi, uchovu, uhaba wa watu, vifaa, sitaki kuwaambia ni CD zile, na kufikia hapo mafunzo ya darasani yalikuwa yameanza kurudishwa kidogo kidogo. Ila kuna kitu kimoja kwenye ile ya McCain huwa kinanikaa. Baadhi ya waliokuwa zamu pale kwenye usukani walikuwa wameazimwa kutoka meli nyingine, Antietam, na usukani wa kule ulikuwa tofauti na wa hapa. Kwenye orodha ya watu walikuwa wametimia, mtu yupo, cheo anacho, cheti anacho. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye pembeni siku kadhaa amwambie bwana huku kwetu ukibonyeza hapa udhibiti unahamia kule. Wakadhani wamepoteza usukani, kumbe ulikuwa umehamia kituo kingine cha mle mle melini.

Uhamisho. Hapa ndo penye uchungu wangu. Sisi tunahamishana kama karata, na ziko sababu nzuri, ofisa apate upana, rushwa isiote mizizi, sawa. Lakini wakati wa vita ya Vietnam Wamarekani walikuwa wanakaa mwaka mmoja kule, na makamanda wa vikosi mara nyingi miezi sita tu kwenye ukamanda kisha anapisha mwingine. Kuna usemi unahusishwa na John Paul Vann, Mmarekani aliyekaa kule miaka mingi, kwamba nchi yake haikuwa na uzoefu wa miaka mingi Vietnam, ilikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara nyingi. Mimi nikisikia hivyo naona bohari yetu. Kila baada ya miezi kumi na nane anakuja mtu mpya anapanga rafu upya.

Na baada ya vita ile wakafanya jambo la kibinadamu kabisa, wakaamua hawataki kuikumbuka. Mafunzo ya kupambana na waasi yakawekwa kando, jeshi likarudi kujiandaa na vifaru vya Ulaya. Walipotoa kitabu chao kipya cha mapambano hayo Desemba 2006, FM 3-24, wenyewe waliandika mle ndani kwamba jeshi la nchi kavu lilikuwa halijatoa kitabu cha somo hilo peke yake kwa miaka 20. Wakati huo vijana wao walikuwa wameshakaa Iraki zaidi ya miaka mitatu. Wanajifunza upya kwa damu vitu ambavyo baba zao walivilipia.

Kuwasifu wanaojifunza mapema nako kuna mitego yake, lakini ntawapa mmoja. Ujerumani baada ya kushindwa 1918 ilibanwa na mkataba wa Versailles, jeshi watu 100,000, maofisa 4,000. Jenerali Hans von Seeckt, Desemba 1919, wino wa mkataba haujakauka vizuri, akaunda kamati 57 zenye maofisa zaidi ya 400 waandike waliyojifunza wangali wanakumbuka. Waingereza walioshinda waliunda kamati yao ya kuchambua vita ile mwaka 1932. Aliyeshinda hana haraka ya kukumbuka. Yaliyofanywa baadaye na ule ujuzi wa Wajerumani mnayajua, sitoi sifa, naongelea saa tu, kwamba kumbukumbu ya vita ina muda wa kuchacha.

Kwenye muda hapo wenzetu Wamarekani wana kitu kizuri, tathmini baada ya zoezi. Ilishika kwenye kituo chao cha mazoezi cha Fort Irwin, jangwani California, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mnapigana kwa leza na adui wa mazoezi, vumbi halijatulia mnakaa chini pale pale, maswali machache tu, tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, tufanye nini tofauti. Na cheo kinawekwa pembeni, koplo anaweza kumwambia meja kwamba redio yako ilikuwa kimya dakika ishirini. Mwaka 1985 wakaanzisha kituo cha kukusanya hayo yote kule Fort Leavenworth. Vizuri sana. Ila nimeshakaa kwenye tathmini za hivyo zilizogeuka kuwa paredi, kamanda anaongea saa nzima, mwisho anauliza kuna swali, kimya, tutawanyike. Hiyo mnajidanganya, bora mngeenda kula.

Halafu kuna hii ya siku hizi, grupu la WhatsApp. Karakana nyingi maarifa yote yako humo. Picha ya pampu, sauti ya fundi anaeleza, namba ya spea. Acha suala la usalama ambalo peke yake lingetosha kuwafungia ndani, lakini mkuu akihamishwa anajitoa, simu ikianguka majini imeenda, na ukitafuta ile picha ya pampu ya mwezi wa tatu unakutana na salamu za sikukuu mia mbili. Najua kwa nini mnalitumia, kwa sababu linajibu haraka na mfumo rasmi haujibu. Mfumo rasmi ukijibu haraka mtaliacha wenyewe, hakuna haja ya kutoa amri.

Na karatasi zenyewe jamani zina mwili, zinaungua. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, yakaungua mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hakukuwa na nakala. Mzee amepigana vita, anatafuta matibabu yake, anaambiwa thibitisha kama ulikuwepo.

Kwa hiyo kama mkiniuliza mimi fundi, pesa ya kwanza nisingeipeleka kwenye kompyuta. Ningeipeleka kwenye siku. Makabidhiano ya siku mbili, ya kuhesabu koleo na kusaini, yanakabidhi koleo. Mpe anayeondoka na anayeingia mwezi wa pamoja, wa kwanza yule wa zamani anafanya huyu anaangalia, halafu wanabadilishana, kijana anafanya mzee ananyamaza mpaka pale anaposhindwa kunyamaza. Pale anaposhindwa kunyamaza ndo penyewe! Hapo ndo yanatoka yale ya mikononi asiyoyajua. Kijana ayaandike yeye, sio mzee, maana mzee ataruka vitu anavyoona ni vya wazi. Najua mtaniambia bajeti hairuhusu watu wawili kwenye nafasi moja. Wakati wa vita kuu ya pili Wamarekani walikuwa wanawatoa marubani wao bora vitani wakafundishe, John Thach aliyebuni mbinu ya kusukana angani, ndege zinapishana zikilindana, alirudishwa nyumbani baada ya mapigano ya Midway 1942 akafundishe. Unamtoa mtu kama huyo mstari wa mbele vita ikiwa imepamba moto, inauma. Wajapani waliwaacha mabingwa wao wapigane mpaka wafe, na wakafa, na ilipofika Juni 1944 kwenye bahari ya Ufilipino walikuwa wanarusha vijana wa mafunzo ya miezi michache. Hiyo nayo ilikuwa bajeti.

Na kwenye kila fomu ya makabidhiano ongezeni mstari mmoja tu, umebadilisha nini hapa ambacho hakiko kwenye mchoro, na kwa nini. Mstari mmoja. Ungetuokolea usiku mzima.

Namalizia, chai naiona inaingia. Niliuliza pale mwanzo kabla ya kuanza, nani anastaafu kati ya sasa na mwisho wa mwaka, mikono kumi na moja ikainuka. Nikauliza nani kati yenu anamjua kwa jina mtu atakayekaa kwenye kiti chake. Mikono miwili. Wale tisa tusiondoke, tukutane pale kwenye meza ya pembeni, nina daftari na kalamu, na nataka kuanza na yule mzee wa minara ya redio aliyecheka niliposema tepu nyekundu.